Atafuta ubaridi wa mwanawe kwenye magari yaliyogongwa

Saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda na vyuma havijaanza kuchoma mikono, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani anapita katikati ya safu za magari mabovu. Mkononi ana spana namba kumi. Kiunoni amechomeka kipande cha ngozi ya kiti cha gari, cha kushikia vyuma vyenye ncha. Kila gari analifikia kwa nyuma kwanza, analitazama, anapita.

Gari dogo jeupe linamsimamisha. Buti lake limebonyea hadi limegusa kiti cha abiria. Mbele halina hata mkwaruzo.

"Rejeta inakaa mbele," anasema, akigonga kwa kidole lile sanduku bapa la vijibomba linalopoza maji ya injini. "Gari likigonga, rejeta imekwenda. Likigongwa nyuma, rejeta inabaki nzima. Kwa hiyo mimi natafuta waliogongwa nyuma."

Anashusha kidole, kama mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe. "Mungu anisamehe," anaongeza.

Kabla hajafungua boneti anapaza sauti kwa mtunza yadi, mwanamume mnene ambaye kila mtu humwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake.

"Hawa walitoka?"

"Walitoka wote, mama. Wazima kama wewe."

Huuliza hivyo kwa kila gari, na Kobe hujibu hivyo kwa kila gari. Mama huyo anajua kwamba jibu hilo si la kweli siku zote. Kazi yake ni kushona viti vya magari, na mshonaji wa viti anajua jinsi sponji linavyokunywa kila kinachomwagika. Ndiyo maana akiwa yadi hachungulii ndani ya gari. Anaangalia mbele tu, chini ya boneti, anachukua alichofuata na kuondoka.

Mtaani anaitwa Mama Kitone. Kitone ni binti yake wa miaka saba, na jina hilo alipewa na watoto wenzake kwa sababu kila anapopita huacha matone ya maji sakafuni. Fulana yake haikauki. Mama yake haruhusu ikauke.

Kitone alizaliwa bila tezi za jasho. Mtu mwingine akipigwa na jua ngozi yake hutoa maji, maji yanakauka, mwili unapoa. Mwili wa Kitone hauna mlango huo. Joto likiingia, limeingia. Wenzake wakirudi mchezoni wanatiririka, yeye anabaki mkavu kama karatasi, macho yanalegea, halafu anaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

"Hata akicheka sana naogopa," anasema mama yake. "Kucheka nako kunamtia joto. Wewe fikiria, mzazi unamwambia mtoto wako, basi mwanangu, usicheke."

Kabla ya Kitone kulikuwa na kaka yake. Hakufika umri wa kutembea. Msimu wa joto ulipoanza alishikwa na homa, akapewa dawa za homa, ikapanda, akafa mchana mmoja kwenye benchi la zahanati mama yake akisubiri zamu. Hakuna aliyejua amekufa kwa nini. Kila mtu alisema ni homa, wakamzika, wakaanua matanga.

Kitone alipozaliwa, homa zilezile zilirudi. Kila kiangazi alikuwa hospitali, kila kiangazi anadungwa sindano, anarudishwa nyumbani bila jibu. Ndugu walianza kunong'ona. Wapo waliomshauri ahame nyumba. Wapo waliomshauri ahame mume.

Siku moja, Kitone akiwa na miaka minne, daktari kijana wa hospitali kubwa alimwomba mtoto afungue kinywa. Alikuta meno manne tu, yamechongoka.

"Moyoni nikasema, mwanangu anaungua, huyu anahesabu meno," anakumbuka mama huyo. "Halafu akamshika nywele, akaona zilivyo chache. Akatia kidole kwapani, akakitazama. Akaniuliza, mama, umewahi kumwona mtoto huyu ametoka jasho?"

Alitafuta jibu kichwani. Alimtafuta binti yake akiwa mgongoni mwake, akiwa anacheza, akiwa amelala mchana chini ya bati. Hakumwona na jasho hata mara moja.

Daktari alimweleza taratibu, akarudia, akamchorea na picha. Dawa ya kunywa hakuna. Dawa yake ni ubaridi. Akipata joto, apozwe kwanza kwa maji na upepo, ndipo asafirishwe kuletwa hospitali. Wakimkimbiza kwenye gari lenye joto bila kumpoza anaweza kuwafia njiani. Na alipomsimulia juu ya kaka yake Kitone, daktari aliweka kalamu chini, akasema pole.

"Nilipotoka nje ya hospitali niliona jua," anasema. "Nimeishi nalo tangu nizaliwe. Siku ile ndiyo niliyoanza kuliogopa."

Nyumba yao ina vyumba viwili na paa la bati. Kuanzia saa tano mchana bati hulialia, kisha hunyamaza, na hapo ndani ni kama tanuri. Mume wake ni mwoka mikate. Huondoka alfajiri na kurudi mchana akiwa na unga kwenye nyusi. Mtaani wanatania kwamba bwana huyo anashinda na moto kazini na kushinda na mafuriko nyumbani, maana kila kona ya nyumba kuna ndoo, beseni au kitambaa kinachodondosha maji.

Kiyoyozi cha dukani kilikuwa ndoto. Kingemeza mapato yao ya miezi mingi, na hata wangekipata, umeme wa mtaa wao hukatika bila kuaga.

Wazo lilitoka kazini. Anashonea kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa gereji, na Kitone hushinda naye hapo, fulana mbichi, miguu ndani ya beseni. Mchana mmoja mteja alikuja na gari la kurekebishwa kiti cha mbele. Bwana huyo hakutaka kuzima injini wala kiyoyozi chake. Kitone akaingia nyuma, akajilaza. Mama yake akaendelea kushona, akasahau muda, na alipogeuka alimkuta binti yake amelala fofofo.

"Fulana ilikuwa imekauka," anasema. "Nikaruka kama nimeona nyoka. Nikamshika shavu. Lilikuwa la baridi! Mtoto mkavu, na shavu la baridi. Sikuwahi kuona vitu hivyo viwili pamoja."

Siku hiyohiyo alimfuata shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi umeme wa magari katika gereji hiyohiyo.

"Shemeji, ile baridi ya gari inatoka wapi?"

"Mbele. Chini ya boneti."

"Nataka kuihamishia nyumbani."

Shemeji alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Shemeji, unataka kuendesha nyumba? Utaipeleka wapi?"

Alipoona mwenzake hacheki, akaacha mzaha. Akamweleza kwamba kiyoyozi cha gari kinazungushwa na injini, na ndani yake kuna gesi ambayo ikichomoka vibaya inaunguza jicho palepale. Hicho hakigusi. Lakini kuna njia nyingine, ya kitoto kuliko hiyo. Rejeta hutumia upepo kupoza maji ya moto. Je, wakigeuza kazi, wakapitisha maji ya baridi ndani yake na feni ikapuliza upepo, kitapoa nini?

"Chumba," akajibu mama huyo.

"Siahidi," alisema shemeji. "Ila tujaribu."

Wakachimba shimo nyuma ya nyumba, upande usiopata jua, wakazika pipa. Maji ya ardhini hayapati joto haraka. Rejeta ya kwanza ilivuja kama kikapu. Ya pili walipata kwenye gari lililogongwa nyuma, na hapo ndipo mama huyo alipoanza kuyatazama magari kama anavyoyatazama leo. Feni ilikuwa ile inayokaa nyuma ya rejeta. Betri ilikuwa chovu, lakini ilishika chaji ya paneli ndogo ya sola waliyoifunga juu ya bati.

Kilichowatesa ni pampu. Walianza na zile ndogo zinazorusha maji kwenye kioo cha mbele, zikaungua moja baada ya nyingine, kwa kuwa zimetengenezwa kwa kazi ya sekunde chache. Siku moja Kobe akawaonyesha gari la kisasa lililopondwa ubavuni. Ndani yake mlikuwa na pampu ya umeme isiyozidi ukubwa wa ngumi, ambayo huzungusha maji kimyakimya mchana kutwa. Hiyo ndiyo inayofanya kazi hadi sasa.

Mtambo ulipowaka kwa mara ya kwanza, Kitone alisimama mbele yake mikono ameitanua, nywele zake chache zikipepea, akasema, "Mama, nyumba inapumua."

Haikuwa baridi ya dukani. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kilishuka taratibu na kukomea mahali ambapo mtu mzima angesema pana nafuu tu. Kwa Kitone, mwenye fulana mbichi na upepo ule, nafuu hiyo ilitosha. Kiangazi kile hakulazwa.

Mama yake naye akapata ugonjwa wake mwenyewe. Akaanza kusikiliza. Akiosha vyombo anasikiliza feni. Akizungumza na jirani, sikio moja liko ndani.

"Watu wanaogopa kelele," anasema. "Mimi naogopa kimya."

Kimya hicho kilikuja msimu wa joto uliopita.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima kwa siku kadhaa. Barafu dukani ilikuwa imekwisha kuwa maji. Shemeji alikuwa amesafiri kwa msiba wa upande wa mkewe. Mama Kitone alikuwa jikoni, muda mfupi baada ya saa sita, aliposikia feni ikikohoa, ikavuma kwa sauti nzito, kisha basi. Ikafuata harufu ya waya ulioungua.

Alikimbilia chumbani. Mota ya feni ilikuwa ya moto, haishikiki. Pampu bado ilikuwa inazungusha maji, lakini bila upepo maji yale yalikuwa yanatembea bure. Kitone alikuwa ameketi kitandani, anatazama feni.

"Imelala?" akauliza.

"Imelala kidogo, mwanangu."

Alimlowesha. Jirani wa mlango wa pili alikuja na sinia akaanza kumpepea, akachoka, akapokewa na mwingine. Mume alirudi kutoka kazini akakuta mlango umejaa wanawake wanaopokezana sinia. Alivua shati, akaliloweka kwenye pipa, akamfunika nalo binti yake mgongoni.

Kipimajoto kilikuwa kinapanda. Bati lilikuwa limenyamaza. Mchana ulikuwa bado mrefu, saa mbaya zaidi hazijafika, na Kitone alikuwa ameanza kusogeza midomo bila kutoa sauti.

"Upepo wa mkono hautoshi," mama alimwambia mumewe. "Nakwenda yadi."

"Utafungua mwenyewe?"

"Shemeji hayupo. Nani mwingine?"

"Mama Kitone," mume akasema, akaishia hapo. Anasema leo kwamba alitaka kumwambia asiende, kisha akamtazama mtoto, akachota maji mengine.

Alikimbia. Anakumbuka kwamba njia nzima hakuwa akifikiria feni. Alikuwa akifikiria benchi la zahanati.

Yadi ilikuwa tupu, wateja wamekimbia jua. Kobe alikuwa amejilaza kivulini, kofia usoni. Alipoambiwa aliinuka, akazunguka naye safu hadi safu. Feni nyingine zilikuwa zimevunjika mapanga, nyingine zilikwisha kung'olewa na kuuzwa. Inayolingana na yao ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwenye gari la bluu, na juu ya gari hilo palikuwa na gari lingine.

"Hilo siligusi," alisema Kobe. "Lile la juu halijafungwa. Limelala tu. Kesho winchi inakuja, tutalitoa vizuri."

"Kesho sina mtoto, Kobe."

"Mama, mimi nimeona chuma kikishuka. Hakikupi muda wa kupiga kelele."

"Basi sitapiga."

Siku hiyo hakuuliza kama waliokuwa ndani ya gari la bluu walitoka.

Boneti lilikuwa limebonyezwa na uzito wa gari la juu na kuacha mwanya kando ya taa. Mwanamume wa kawaida asingepita. Yeye alilala kifudifudi, akaingiza mkono, kichwa, kisha bega. Chuma kilikuwa cha moto kiasi kwamba alisikia ngozi ya mkono ikishikana nacho. Alikivuta kile kipande cha ngozi ya kiti kutoka kiunoni akakitandika chini ya kiwiko.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya oili iliyopikwa. Alipapasa hadi akaifikia feni, akazungusha panga kwa kidole. Lilizunguka jepesi. Ilikuwa nzima.

Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikubali. Ya tatu ilikuwa na kutu. Alisukuma spana kwa kiganja, ikateleza, akajigonga vidole. Akasukuma tena, safari hii kwa bega zima, na gari la juu likatoa sauti.

"Halikuwa jambo la kishindo," anasimulia, sauti ikishuka. "Liliguna tu. Kama mtu anayejigeuza kitandani. Kutu ikaniangukia machoni. Nikaganda. Nilitaka kurudi nyuma nikaona blauzi imenasa. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi. Nikasikia Kobe anasema, usipumue, mama, usipumue."

Kobe, ambaye hajawahi kuonekana akiharakisha jambo, alikimbia. Mwenyewe hapendi kulizungumzia. Anasema aliona ringi za magurudumu zimerundikwa karibu, akazivuta na kuzipanga chini ya ukingo wa gari la juu, moja juu ya nyingine, hadi zikaligusa.

"Nilijua haziwezi kulibeba," anasema. "Nilitaka tu zilicheleweshe. Nikamwambia, mama, toka. Unajua alinijibu nini? Akasema, bado nati moja."

Nati hiyo haikutoka. Alishika feni kwa mikono miwili akaikunja kwa nguvu zote hadi kishikizo cha plastiki kikavunjika kando ya nati. Akapiga kelele, "Nivute!" Kobe akamshika vifundo vya miguu akamvuta kama gunia, blauzi ikachanika begani, feni ikiwa imekumbatiwa kifuani.

Walikuwa hawajafika mbali ringi zilipochomoka. Gari la juu likaketi. Mwanya alimokuwa amelala ukajifunga.

Kobe alikaa chini kwenye vumbi. Mama Kitone akaikumbatia feni upya. Akaanza kukimbia tena.

Nyumbani alikuta wanawake wametulia kuliko alivyowaacha, na utulivu ule ulimtisha kuliko gari. Kitone alikuwa amelazwa sakafuni juu ya mashuka mabichi. Baba yake alikuwa akimmwagia maji kwa kikombe, akimwita kwa sauti ndogo, mfululizo, bila kuinua macho.

Mama akafunga feni kwa waya tu, bila nati. Alikuwa amemwona shemeji akiunganisha mara nyingi. Alizikwangua nyaya kwa meno, akazisokota, akagusisha betri. Mapanga yakazunguka. Wanawake wakashusha pumzi.

Lakini pale sakafuni upepo haukufika. Mashuka hayakutikisika. Aliweka mkono mbele ya rejeta, akahisi hewa ikivutwa badala ya kusukumwa. Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

"Hapo ndipo nilipotaka kulia," anasema. "Gari limenikosa, halafu nyaya mbili zinanishinda."

Jirani akamshikia feni. Akazichomoa nyaya, akazibadilisha, ya huku huko, ya huko huku. Feni ikasita, ikanguruma, na shuka lililomfunika Kitone likainuka upande mmoja.

Kisha ilibaki kusubiri. Anasema sehemu hiyo ndiyo ngumu kusimulia kwa sababu hakuna kilichotokea. Maji, upepo, maji, upepo. Mume alikuwa anahesabu pumzi za mtoto kwa midomo. Yeye aliweka kiganja juu ya tumbo la bintiye akakiacha hapo, akingoja joto lipungue.

Lilianza kupungua jua lilipoinama. Kwanza miguu, halafu tumbo. Kitone akafumbua macho, akamtazama mama yake uso mzima mweusi kwa oili, blauzi imechanika, kutu kwenye kope.

"Mama," akasema, "unanuka gari."

Jirani aliyeshika sinia alicheka kwanza, kisha akatoka nje haraka, na wote walimsikia akilia ukutani.

Jioni walimpeleka hospitali, akiwa amefungwa mashuka mabichi. Daktari yuleyule alimpima, akamlaza kwa uangalizi. Aliwaambia kwamba kumpoza kwanza ndiko kulikomwokoa. Kisha akauliza kwa upole nani atamtibu mama bega na mkono ulioungua.

Tangu siku hiyo chini ya kitanda cha Kitone kuna feni ya akiba, mota ya akiba na mkebe wa nati. Shemeji aliporudi safari alikagua nyaya zile zilizosokotwa, akaguna, akazifunga upya. "Umefanya kazi mbaya sana," alimwambia. "Naomba usibadilishe kazi, kashone viti." Halafu akamfundisha, na hadi leo anamfundisha kila Jumapili, ili siku nyingine feni ikilala yeye shemeji akiwa mbali, mama aweze kuiamsha.

Kobe naye aliondoa magari yote yaliyopandiana. Akiulizwa na wateja kwa nini anapoteza nafasi, anajibu kwamba ni amri ya daktari.

Hofu haikuondoka. Mama Kitone hasemi kwamba imeondoka. Kuna siku anaamka bila sababu na kwenda kusimama mlangoni mwa binti yake kusikiliza. Akishona, akisikia gari likiguna kwenye jeki, anaweka sindano chini. Na kila anapoingia yadi, tangu getini anatazama kama kuna gari lililopandishwa juu ya lingine.

"Sasa mbona umekuja?" anatania Kobe asubuhi hii, akimshikia boneti la gari jeupe.

Amekuja kwa sababu ya shule. Kitone ana miaka saba na hajawahi kukaa darasani zaidi ya wiki za baridi. Husoma nyumbani, kwa vitabu vya kuazima, akimsomea baba yake ambaye husinzia katikati ya ukurasa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amekubali watoe kona moja ya darasa, karibu na dirisha, na nyuma yake, nje, pazikwe pipa. Alichoomba ni kimoja tu: mtambo usiwe na sauti ya kuwashinda walimu. Na watoto wa darasa hilo, kwa mujibu wa mwalimu huyo, tayari wanagombania nani atakaa dawati moja na Kitone.

Rejeta ya gari jeupe inatoka bila shida. Mama Kitone anaiinua juani, anachungulia vijibomba kimoja kimoja, anaweka kinywa kwenye tundu na kupuliza huku ameziba upande wa pili kwa kiganja. Haivuji. Anaiweka begani kama mtu aliyebeba mtoto.

Anapoulizwa anatarajia nini shule ikifunguliwa, hajibu juu ya masomo. Anatazama chini, anafuta kutu mikononi kwa ile ngozi ya kiti.

"Nataka nimsahau," anasema. "Usinielewe vibaya. Wamama wenzangu wanapeleka watoto shule, wanarudi, wanaosha nguo, wanapiga soga, mchana ukifika ndipo mtu anashtuka, ah, kumbe nina mtoto shule. Nawaonea wivu. Mimi tangu alipozaliwa sijamsahau hata kwa kufumba jicho."

Anairekebisha rejeta begani na kuelekea getini, kabla vyuma havijaanza kuchoma.

"Saa moja tu," anasema. "Nimsahau saa moja, nimkumbuke, nimkute mzima."